Wiki ya Thelathini na Tatu

Ilitangazwa rasmi, kwa barua yenye mihuri mitatu, kwamba kuanzia Januari somo la Kiingereza na fasihi yake katika sekondari zote za kisiwani Savai'i litafundishwa kwa mpango wa mwaka mzima. Mambo ya kubahatisha yalikuwa yamefika mwisho. Mpango wenyewe, kazi ya mikono ya Mkurugenzi wa Elimu, Petelo Fuimaono, ulikuwa na wiki arobaini: nne za kuutambulisha mpango, sita za kuujazia fomu, tisa za kupima kama umeeleweka, na zilizobaki za kuuboresha kwa njia shirikishi.

Mwalimu Sieni Leota aliukagua mara mbili, akidhani macho yanamdanganya. Wiki ya kusoma riwaya teule haikuwemo. Na mtihani wa Novemba ungeuliza riwaya hiyohiyo, kwa wanafunzi wake ishirini na tisa ambao hawajaigusa. Alikasirika mpaka chai ikapoa. Alipopiga simu ofisini, Mkurugenzi alimweleza kwa upole wa kitaalamu kwamba kusoma kitabu kunakula muda, na kwamba yeye binafsi ameshakisoma mara tatu, kwa hiyo kisiwa kizima kimewakilishwa.

Sieni alichukua nakala yake ya mpango. Kwenye wiki ya thelathini na tatu aliandika: "Maandalizi ya Jumapili ya Watoto. Kama ilivyo desturi, wakubwa watawahudumia watoto." Nani angethubutu kuifuta siku ambayo hata machifu husimama na sahani wakingoja watoto washibe? Nakala ilipofika ofisini, Mkurugenzi alitia sahihi bila kusoma mara ya pili.

Wiki hiyo ilipofika, watoto walikaa kitako na wakubwa wakaja kuwahudumia, kila mmoja kwa sura moja ya riwaya. Mchungaji alisoma ya kwanza. Dereva wa basi la shule alikwama katikati ya sura ya tano, watoto wakamkwamua. Mama Fa'asaina, mpishi wa shule, alikuwa anamalizia ya sita huku akijifuta machozi kwa aproni, Mkurugenzi alipoingia kukagua.

"Nani ameidhinisha vurugu hii?"

"Ni wewe, mheshimiwa," Sieni akamwonyesha sahihi. "Na umekuja wakati mzuri. Sura ya saba haina mtu."

Kukataa kuwahudumia watoto mbele ya mchungaji kulikuwa aibu ya kumhamisha mtu kijiji. Mkurugenzi akatoa nakala yake mkobani. Ilikuwa bado kwenye nailoni. Darasa lilingoja kwa adabu akiichana kwa meno.

Alianza kwa sauti ya kusomea waraka. Kufika ukurasa wa tatu, bibi wa kwenye hadithi alikuwa mahututi, na sauti ya waraka ilikuwa imemtoka.

"Mzee," akauliza Lagi, msichana wa dawati la mbele, "huyu bibi atapona?"

Mkurugenzi akafunua ukurasa haraka, akafunua mwingine.

"Sijui, mwanangu. Sijafika huko."

Hakuna aliyecheka. Mama Fa'asaina akamvutia kiti, katikati ya madawati.

"Basi kaa hapo na wenzako," akamwambia. "Sura ya nane nitaisoma mimi."