Unga wa Homoni na Jezi ya Mfungaji

Jumatatu, 23 Februari 2004
Nimeamua kupungua! Kilo themanini na sita, basi. Siku ya Wanawake timu yetu ya Ruangwa inacheza netiboli na Nachingwea, na jezi ya mfungaji ni yangu. Scola anaitaka. Scola ni nesi, mwembamba kama ufito, na kasema mbele ya timu kwamba mimi nafaa kuwa goli lenyewe. Tumbo limekua, siku zangu sijaziona mwezi wa tatu huu. Si mimba, mume wangu Octavian yuko chuoni Mzumbe tangu Agosti. Ni homoni. Zahanati siendi. Yuko Scola.

Jumanne, 24 Februari
Mbio alfajiri, barabara ya Nandagala. Tatizo, watu! Huwezi kumpita mtu bila salamu. Mzee Mbaruku: shikamoo, habari za nyumbani, za kazi, za mvua. Hatua kumi, mwingine. Mama wa tatu akauliza kafa nani. Nikasema hakuna, nakimbia tu. Hakuamini. Akajifunga khanga akanifuata akilia. Tulifika darajani tuko saba.

Alhamisi, 26 Februari
Sokoni nimempata Lukumani, muuza mitishamba wa Nachingwea. Ana unga wa njano: unasawazisha homoni, unarudisha siku, unayeyusha tumbo. Kijiko kimoja kwa siku, akasema. Mimi nina haraka. Vitano.

Jumapili, 29 Februari
Njaa! Ugali wa muhogo, kisamvu, halafu ugali tena. Lazima ni dawa inapigana na mafuta. Nimeruka kamba mara mia mbili uani. Nimeongeza kijiko.

Jumatano, 3 Machi
Jasho langu linanukia mchuzi. Kazini, wenzangu wa masijala wameniuliza pilau iko wapi. Jioni Bi Mwanaima, mama mwenye nyumba, alininusa mlangoni, akanikumbatia. "Mwanangu, ungeniambia! Huu si uwatu? Mimi nilinywa uji wake kwa watoto wote sita, maziwa yajae." Nikasema sina mtoto. Akanikonyeza, siri iko salama.

Ijumaa, 5 Machi
Haikuwa salama, imefika hadi Mzumbe. Octavian kapiga simu ofisini. Hakunisalimu. Aliuliza mtoto ni wa nani. Nilieleza homoni, uwatu, netiboli, masijala nzima ikisikiliza. Kisha akasema nikapime. Nimelia chooni. Kesho nakwenda. Ndiyo, kwa Scola!

Jumamosi, 6 Machi
Scola hakucheka. Mimba hakuna. Kilo tisini! Akasema siku hupotea kwa sababu nyingi, nikaonwe na daktari wa hospitali. Nitembee, nile kwa kiasi, unga niache, unaongeza hamu ya kula. Halafu akampigia Octavian mwenyewe, akamsomea majibu, akamgombeza. Nimemkabidhi jezi bila kuombwa. Unga nimeapa kuuacha.

Jumanne, 9 Machi
Jana tumeshinda. Scola kafunga kumi na saba; nilishangilia, kwa kiasi. Octavian kaomba radhi. Daktari ni Alhamisi.

Ila nimefikiri. Unga umeniongezea kilo nne kwa siku kumi! Huko kijijini Matambarale hakuna wanawake wembamba wanaolilia nyonga? Nimemwagiza Lukumani debe zima. Jina ni Unga wa Nyonga. Jumamosi napanga meza sokoni. Nahitaji tu mwanamke mmoja mwembamba wa kusimama upande wa kabla ya dawa. Upande wa baada ya dawa nitasimama mwenyewe.