Mvuke Usiosubiri Maji

Ndugu Mkurugenzi Msaidizi wa Nguo Chafu. Ndugu Kaimu Mkurugenzi Msaidizi wa Nguo Safi, ambaye nafurahi kumwona ameketi mbali na mwenzake. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mikunjo, pamoja na Katibu wa Kamati Ndogo ya Kola. Daktari Mkuu wa hospitali yetu hii. Wauguzi, wafuaji, wapiga pasi, wagonjwa mlioweza kutembea na nyinyi mliosukumwa mkiwa vitandani mwenu ili ukumbi ujae. Mabibi na mabwana, na yeyote ambaye sikumtaja ajitaje mwenyewe kimoyomoyo. (Makofi. Mgonjwa mmoja anauliza kama kutakuwa na chai.)

Nimesimama katika chumba hiki cha kupigia pasi nikiwa na furaha ambayo suti moja haiwezi kuibeba. Kama mjuavyo, na kama hamjui ndiyo maana nimekuja, miaka miwili iliyopita pasi mbili za mvuke za hapa zilianza kudondosha maji badala ya kutoa mvuke, zikatia madoa ya kutu mekundu kama damu kwenye sare za wauguzi, hadi mgonjwa mmoja akamwonea huruma muuguzi wake akamwachia kitanda. (Vicheko.) Ofisi yangu haikulala. Tulizichukua pasi zile siku hiyo hiyo kwa ajili ya maboresho, tukaunda taskifosi, taskifosi ikaunda kamati, kamati ikaenda semina elekezi ya siku tisa kando ya bwawa la kuogelea ili wajumbe wayaone maji kwa karibu, ikarudi na prezentesheni ya kurasa mia nne na kumi ambayo nitaifupisha hivi: maji yakiingia kwenye pasi ni maji, yakitoka yanatakiwa yawe mvuke, na hapo katikati hapajawahi kuwa na sera. (Makofi marefu. Mwenyekiti wa Kamati ya Mikunjo anafuta machozi.)

Hebu fikirini, ndugu zangu. Tangu pasi iwe pasi, maji yamekuwa yakigeuka mvuke kiholela, kila tone na lake, bila mwongozo, bila tathmini, bila hata fomu. Chini ya uongozi wangu, na nasema hivi nikiwa mnyenyekevu kuliko watangulizi wangu wote, tone litapokelewa, litasajiliwa, litapewa semina ya joto, na likifuzu ndipo litaruhusiwa kuchemka. Utafiti wetu wa pailoti umeonyesha ufanisi wa asilimia mia moja na arobaini, maana yake kila kikombe cha maji kitatoa kikombe kizima cha mvuke na kingine kidogo cha akiba. (Mfuaji mmoja: "Hiyo akiba tutaiweka wapi?" Anaambiwa akae.)

Sasa naomba nimtambue mama yetu, huyu mnayemwita Mama Shavu. Simama, Mama, wakuone. Huu ni mwaka wake wa thelathini na moja akinyoosha mashuka ya hospitali hii. Tulipozichukua zile pasi za mvuke alirudi kwenye pasi ya mkaa, na kwa kuwa mkaa hautoi mvuke, anajaza maji mdomoni na kuyapuliza juu ya nguo, fuu, yanashuka kama manyunyu, shuka baada ya shuka, mpaka jioni. Daktari Mkuu amenieleza kwamba kifua chake kimechoshwa na moshi, na kwamba mwezi huu ukiisha akiwa bado yuko kwenye mkaa, itabidi aache kazi. (Mama Shavu: "Mheshimiwa, mwanangu, maneno nimeshiba. Pasi iko wapi?") Swali zuri sana, Mama, na limekuja katika feizi yake. Mvumilivu hula mbivu. (Mama Shavu: "Zimeshaoza, baba.")

Pasi ni hii hapa mezani, chini ya kitambaa cha buluu. Maji ni haya, bilauri nzima. Nitayamimina polepole, mbele ya macho yenu, na punde si punde mtaona... (Mvuke mzito unapanda kutoka chini ya meza. Minong'ono.) Naam. Naona vidole vinanyooshwa. Wauguzi wa kule nyuma wanasema mvuke umetoka kabla sijamimina hata tone. Ni kweli kabisa, na hayo ndiyo maboresho yenyewe. Pasi za zamani zilikuwa zinasubiri maji. Yetu imeshavuka hatua hiyo. Kwa hiyo bilauri hii naiweka pembeni, hatuna haja nayo. (Vifijo. Mtu anakohoa chini ya meza.) Kikohozi hicho ni cha kiufundi. (Sauti: "Mbona mvuke unatokea magotini kwako?") Maendeleo ya kweli, ndugu yangu, huanzia ngazi ya chini.

Nikisema tone, semeni mvuke. Tone. (Mvuke.) Tone. (Mvuke.) Mkunjo. (Zii.) Safi sana, mmeiva.

Mwisho kabisa niwashukuru waliofanikisha mradi huu. Namshukuru seremala wetu, aliyeichonga pasi hii kutoka kwenye kipande cha mlango na kuipaka rangi ya fedha, naomba msiiguse maana haijakauka. Namshukuru dereva wangu, aliyechuchumaa chini ya meza na birika na jiko tangu asubuhi. Toka sasa, bwana, unyooshe miguu. Nazishukuru pasi zile mbili za zamani, ambazo hazikukaa bure: moja inazuia mlango wa ofisi yangu usifungwe na upepo, nyingine imeikalia prezentesheni isipeperuke. Na zaidi ya wote namshukuru Mama Shavu, aliyeinyoosha suti hii alfajiri ya leo kwa mkaa na kwa mashavu yake mwenyewe, kwa sababu kusema kweli mtu hawezi kuzindua mvuke akiwa na mikunjo. Keshokutwa nazindua mashine ya kukaushia nguo, Mama, nitakuletea tena hii hii. (Mama Shavu anapanda jukwaani, anaichukua ile bilauri, anapiga funda kubwa.) Kunywa, Mama, kunywa, umesimama muda mrefu. Asanteni sana wote kwa kunisikiliza. Lakini Mama, mbona humezi? Suti bado nimeivaa.