Paja Lililonenepa kwa Mkasi

Jumatatu, 3 Machi

Paja langu la kulia limekonda kuliko mkono wa mke wangu. Sitanii. Tangu nipasuliwe goti, misuli imeondoka bila kuaga. Na mguu huu ndio unaokanyaga cherehani, ndio unaotulisha, ndio nilioruka nao mtaro siku nilipokuwa namkwepa mteja wa koti. Koti lenyewe lilibakia mkono mmoja tu! Watu hawana subira.

Leo amekuja mtaalamu wa mazoezi, yule ninayemwita Bi Nyoosha kwa kuwa hana neno jingine. Futi yake huwa ameisahau hospitali, basi akachomoa yangu shingoni, akanipima paja. Fundi kupimwa kwa futi yake mwenyewe! Akatikisa kichwa. Akasema misuli imelala, niiamshe kwa kunyanyua mguu ulionyooka, asubuhi na jioni, na kama Ijumaa paja halijaongezeka, cherehani nisiiguse.

Mke wangu akadakia kwamba ikiwa hivyo, kiti changu atakikalia shemeji, yaani mdogo wake. Shemeji hushona huku katoa ulimi. Na Jumapili mwalimu wa kwaya anataka suruali ya mfano. Ikimkaa vizuri, sare za kwaya nzima ni zetu. Kiti kile nimekikalia tangu kabla sijaoa. Simpishi mtu.

Jumanne, 4 Machi

Nimejaribu zoezi. Maumivu yalianzia gotini yakapanda mpaka kwenye meno. Nikauamuru mguu unyanyuke. Kisigino hakikuachana na godoro. Nikauamuru tena, kwa ukali. Kimya. Mguu wangu mwenyewe, hautambui sauti yangu. Machozi yakanitoka, na mke wangu alipoingia nikamwambia ni vumbi la chaki. Akanipangusa bila kuuliza chaki imefikaje kitandani.

Nimeogopa kweli leo. Je, nisipokanyaga tena?

Alhamisi, 6 Machi

Dawa imepatikana. Nimekata inchi mbili za mwanzo wa futi, nikarudishia kile kibati cha nchani. Anayepima hutazama futi inapoishia. Nani hutazama inapoanzia? Paja litaongezeka inchi mbili bila tone la jasho. Mazoezi nimeyaweka kando. Kazi ni safi mno, hata mimi nikiitazama nasahau kwamba imekatwa.

Ijumaa, 7 Machi

Bi Nyoosha kapima, kapima tena. Akasema tangu aanze kazi hajaona paja lililonenepa hivi ndani ya siku chache. Akamwita mke wangu ashuhudie. Akataka kujua siri yangu, nikasema ni kujituma. Ruhusa nimepewa: nikanyage kidogo kidogo, nikichoka nipumzike. Shemeji kanuna. Raha iliyoje!

Hapohapo akaingia mwalimu wa kwaya. Nikavuta futi shingoni, nikampima kiuno kwa madaha.

Jumamosi, 8 Machi

Ruhusa ninayo, mguu sina. Nikikanyaga mara mbili paja linatetemeka, goti linawaka moto, mguu unadondoka pembeni kama gunia tupu. Ikabidi nimwite shemeji, kwa upole. Tukabanana kwenye kiti kimoja: yeye anakanyaga, mimi naongoza kitambaa. Nilimwambia ni kwa faida yake, ajifunze. Akajibu, ulimi nje, kwamba nanuka dawa ya kuchua.

Lakini suruali imependeza. Haina lupu za mkanda, ndio mtindo wa kisasa, wazo langu. Kitambaa nilikipima kwa rula ya mbao ya mezani, kama siku zote. Muda wa kuijaribisha hatukupata. Mwalimu ataivalia ukumbini.

Jumapili, 9 Machi

Ukumbi ulijaa. Mwalimu wa kwaya akanyanyua mikono yote miwili. Suruali ikaanza safari. Akaidaka kwa mkono wa kushoto, akaendelea kuongoza kwa wa kulia, na waimbaji wa upande wa kushoto, kwa kukosa mkono wa kuwaongoza, wakanyamaza mmoja mmoja. Kila alipotaka sauti zipande, suruali ilishuka.

Nilikuwa nimeshaanza kumlaumu shemeji moyoni. Ndipo nikaikumbuka futi. Iko shingoni mwangu! Mwalimu akageuka, akaanza kunitafuta kwa macho. Nikainuka nikimbie. Nikasahau magongo, nikasahau na paja. Goti likakunjika, nikaangukia mapajani mwa mama mmoja ambaye hatujawahi kujuana. Futi ikatua miguuni pa mke wangu. Akaiokota, akaisoma mwanzo. Ilianzia tatu.

Jumatatu, 10 Machi

Kiti kimekwenda. Shemeji anakipunguza kiuno cha ile suruali, na mwalimu wa kwaya amesema sare ataagiza, ilimradi mpimaji asiwe mimi.

Bi Nyoosha amekuja na futi yake. Hakunigombeza. Bora angenigombeza. Alikaa ukingoni mwa kitanda akasema maumivu haya wengi huyaogopa, na kwamba misuli haijafa. Akashika goti langu, mke wangu akanishika mkono, nikanyanyua. Iliuma mpaka nikamwita marehemu bibi yangu. Lakini kisigino kiliachana na godoro! Upana wa kidole hivi. Mke wangu akapiga makofi kama vile mtoto kasimama dede. Nilifurahi kuliko siku niliyofungua duka.

Kisha Bi Nyoosha akasema kiti nitarudishiwa siku mapaja yote mawili yatakapolingana. Atapima la kulia, atapima la kushoto, kwa futi yake.

Nimelifikiria sana neno hilo. Yalingane. Hakusema lipi limfuate mwenzake. Kulinenepesha hili bovu ni miezi ya mateso. Kulikondesha lile zima ni kulala tu. Tangu mchana mguu wa kushoto uko juu ya mto, na haruhusiwi mtu kuutuma kazi yoyote.