Mmiliki wa Jua

"Wananchi wote mnatangaziwa kuwa kuanzia leo, saa mbili kamili asubuhi, jua limekabidhiwa rasmi kwa Ofisi ya Uratibu wa Mwanga. Ofisi imelipokea likiwa katika hali nzuri. Mtu yeyote atakayelitumia kwa kifaa chochote bila kibali atachukuliwa hatua. Mnaombwa kuwa watulivu na kuendelea kuota joto kama kawaida."

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye nguzo ya umeme, nguzo ambayo haikuwa na kazi nyingine ya kufanya.

Bi Sindano alilisoma mara mbili, kwa sababu tangazo la ofisi ni kama nguo ya mtumba, lazima uligeuze uone na ndani. Yeye alikuwa fundi cherehani, miaka sitini na mitatu, na jua alikuwa ameanza kulitumia tangu jana yake.

Sababu ilikuwa mumewe, mwalimu mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Alikuwa na pumu. Kifua kikibana alihitaji mashine ya kuvuta mvuke wa dawa, dakika kumi tu, na mashine ilihitaji umeme. Umeme wa nguzo nao ulikuwa na tabia za mgeni mwenye makuu: unakuja ukipenda, unaondoka bila kuaga. Kwa hiyo Bi Sindano alinunua paneli moja, betri, inveta na kile kidude cha kuongoza chaji, akasoma karatasi ya maelekezo mara tatu, akapanda juu ya bati mwenyewe. Mwashi wa jirani alimwazima ngazi na kuishika. Hakumwambia hata mara moja kuwa ni mzee. Alisema tu, "Shangazi, ukifika juu nisalimie njiwa."

Betri kwanza, ndipo paneli. Waya mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi. "Ni kushona tu," alisema kutoka juu. "Tofauti ni kwamba hapa ukikosea upande, hufumui. Unaungua." Mchana ule mashine ilinguruma, na Mwalimu akavuta pumzi ndefu kama mtu anayesoma sentensi isiyo na mkato.

Ofisi haikuchelewa. Ofisi ambayo huchukua miezi minne kujibu barua ilifika nyumbani kwa Bi Sindano kwa siku moja, ikiwakilishwa na Mkaguzi na turubai la rangi ya kijivu.

"Mama, nimekuja kulitenganisha jua na kifaa chako," alisema Mkaguzi.

"Karibu, baba. Utalitenganisha vipi?"

"Nitakifunika." Akatazama juu ya bati, akameza mate. "Una ngazi?"

Alikuwa nayo bado. Akamshikia Mkaguzi ngazi ili apande kumfunikia paneli yake, maana mtu akianguka ni mtoto wa mtu, hata akiwa kazini. Mkaguzi alifunga turubai kwa kamba kila pembe. Wakati wa kushuka, suruali yake ikapasuka kuanzia kiunoni hadi mahali ambapo sheria haikutaja.

"Ivue," alisema Bi Sindano.

"Mama, niko kazini!"

"Na mimi pia. Ivue."

Ndivyo ilivyokuwa kwamba hati ya kufungiwa jua iliandikwa na ofisa aliyejifunga shuka la maua, huku mfungiwa akimshonea suruali mshono wa mara mbili. Mkaguzi alipomaliza kuandika hakuondoka. Alimwangalia Mwalimu kitini, mabega yakipanda na kushuka.

"Mama, mimi sijasema kitu," alinong'ona. "Lakini kifungu cha saba kinasema mmiliki wa jua atapokea malalamiko yote yatokanayo nalo, na Mkurugenzi mwenyewe atayakagua palepale yalipotokea, saa ileile yalipotokea. Tulikinakili kutoka sheria ya wenye mbwa."

Betri ilidumu siku mbili. Ya tatu ikazima. Tangu hapo, kifua kikibana, Mwalimu alishikwa mkono hadi kwa muuza dawa, mwenye jenereta dogo, akakalishwa juu ya kreti la soda kati ya sharubati za kikohozi. Muuza dawa aliwafukuza wateja waliokuwa wakimtazama. Siku ya tano jenereta liliisha mafuta. Mwalimu alipigania pumzi kwa muda ambao Bi Sindano hakuwa na saa ya kuupima, mpaka mwashi, aliyekimbilia mafuta, aliporudi mbio na kidumu.

Kesho yake asubuhi Bi Sindano alikwenda Ofisini.

Ofisi ya Uratibu wa Mwanga ilikuwa na giza. Karani alikuwa akisoma mafaili dirishani. Mkurugenzi alikaa nyuma ya meza pana kiasi kwamba ukimpa mkono hamfikiani, na pengine ndiyo sababu ilinunuliwa.

"Unahitaji jua kiasi gani?" aliuliza Mkurugenzi.

"La kutosha."

"Kutosha si kipimo. Matumizi?"

"Mume wangu apumue."

Mkurugenzi alipitisha kidole kwenye orodha. "Matumizi ya dharura ni haya: taa ya lango la Ofisi, feni ya Mkurugenzi, birika la wageni. Kupumua sikuoni. Hawezi kuvumilia hadi kikao cha robo mwaka?"

"Avumilie kupumua?"

"Avumilie kidogokidogo. Mama, wewe unajua sheria kweli?"

"Hilo jua ndilo nililolifuata, mheshimiwa. Ni lenu?"

"La Ofisi. Lote."

"Hata la mchana?"

"Hasa la mchana," alisema Mkurugenzi, akajaa kitini.

"Basi niandikie. Sisi wazee tunasahau."

Aliandika kwa furaha. Hakuna aliyewahi kumwomba aandike ukubwa wake kwenye karatasi. Ofisi ni mmiliki pekee wa jua, mhuri, sahihi yenye mikia mitatu.

Bi Sindano alitoa nakala kumi na tano, akazigawa mtaani pamoja na maelezo mafupi ya kifungu cha saba. Hakumchochea mtu. Aliuliza tu kila mlango, "Kwani jua halijawahi kukukosea?"

Lilikuwa limewakosea wote. Wa kwanza alikuwa dobi. "Jua lenu limenichujulia mashuka ya harusi. Njoo uone." Akafuata muuza maziwa: "Jua lenu limegandisha maziwa." Mwashi alileta plasta iliyopasuka kabla ya kukauka vizuri. Mzee mmoja hakuleta kitu, alivua kofia tu akainamisha upara. "Na huu?" Mama mwenye bustani ya mchicha alitaka Mkurugenzi asimame tutani saa saba mchana aone lilivyo.

Na Mkurugenzi akasimama. Kanuni ilikuwa yake, sahihi yake. Saa sita yuko kwenye kamba ya dobi, saa saba kwenye mchicha, saa nane anakagua upara, na mwavuli haukuruhusiwa, kwa kuwa ni kifaa. Alipouliza nani aliandika kifungu hiki, Mkaguzi alimwonyesha jina kwa heshima kubwa, akiwa amevaa suruali isiyopasuka tena. Siku ya nne pua ya Mkurugenzi ilianza kubanduka kama rangi ya ukuta mbichi. Malalamiko mapya thelathini na mawili yalikuwa yakisubiri, na jua, likiwa mtumishi asiye na likizo, lilizidi kuchapa kazi.

Siku ya tano alifika nyumbani kwa Bi Sindano bila gari. Alipanda ngazi mwenyewe, akafungua pembe nne za turubai, akashuka nalo kichwani. Mwashi aliishika ngazi. Alifikiria kidogo kwanza, lakini aliishika.

Betri iliposhiba, mashine ikaanza kunguruma, na mabega ya Mwalimu yakatulia. Ndipo Mkurugenzi alipotoa barua mfukoni.

"Nipokeleeni, tafadhali. Ofisi imejivua jua."

Mwalimu aliichukua huku barakoa ya mashine ikiwa usoni. Akaisoma polepole. Kisha akanyoosha mkono, na mkewe, aliyeishi naye miaka arobaini, akamwekea kalamu nyekundu bila kuulizwa. Mwalimu akapiga mstari hapa, duara pale, akaondoa barakoa kwa pumzi moja.

"'Hofisi aijui jua ni la nani.' H umeichomoa kwenye 'haijui' ukaipachika kwenye 'Ofisi'. Alama tatu kwa kumi. Andika upya."

"Mzee, mimi ni Mkurugenzi."

"Nimeona. Ndiyo maana nimekupa tatu."

Bi Sindano alimsogezea kiti chenye kivuli, maana pua ile ilitia huruma. Mkurugenzi akainamia meza ya cherehani, ncha ya ulimi imetoka kidogo, akaanza upya kwa mwandiko wa kuunganisha. Mwalimu alirudisha barakoa usoni, akavuta pumzi, na kungoja. Muda alikuwa nao.