Baba Pacha na Volti Ishirini za Ziada

Sogeeni mkae, enyi mliowahi kuchomwa na pasi na enyi mliowahi kukatiwa umeme, niwahadithie vita vya Baba Pacha, simba wa bisibisi, mbabe wa soketi, aliyepigana na ukuta wa sebule yake mwenyewe.

Palikuwa na amplifaya ya kale, ya valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka kama taa, iliyoachwa na marehemu baba mkwe wake, nayo mgongoni imeandikwa volti mia mbili na ishirini, kwani huo ndio uliokuwa umeme wa enzi zake. Ukuta wa leo, kwa kiburi chake, ulitema mia mbili na arobaini. Valvu mbili zilikwisha kuungua, nazo madukani ni kutafuta maziwa ya kuku. Ndipo shemeji yake akaapa kwamba ikinuka moshi mara nyingine, anaichukua mali ya baba yake. Siku ya vita alikuwa ameketi kochini, funguo za gari mkononi.

"Shemeji," alinguruma Baba Pacha, akiinua kitransfoma kilicho sawa na kipande cha sabuni, "mtazame jemadari huyu. Atamnyang'anya adui volti ishirini, hana wa kumzuia, na santuri ya mzee wetu itaimba tena."

"Punguza maneno, shemeji. Punguza umeme."

Akaunganisha, akatega mita ya kupimia volti. Mkewe, Mama Pacha, akainama kusoma.

"Mia mbili na sitini," akasema. "Baba Pacha, si ulisema unapunguza?"

Shemeji akasimama. Shujaa akaona haya hadi masikioni, kwa maana nyaya mbili za kitransfoma alizifunga kinyume, na jemadari wake akahamia kwa adui na volti zake zote. Akachomoa plagi. Waya wa kushoto akaupeleka kulia, wa kulia kushoto, huku akiomba dua kimoyomoyo. Akachomeka tena.

Mia mbili na ishirini.

Valvu zikawaka taratibu. Santuri ikaimba upande mzima, moshi hakuna. Mama Pacha akaweka kiganja juu ya amplifaya, machozi yakamtoka.

"Joto lenyewe ndilo hili," akamwambia kaka yake. "Baba alikuwa akituambia tuweke mikono hapa, asubuhi za baridi. Umesahau?"

Shemeji akatia funguo mfukoni, akaketi.

Hivyo ndivyo ulivyotekwa ukuta wa sebule, kwa nyaya mbili na aibu moja. Vizazi vitakavyorithi kochi lile na vijue kwamba ngoma ivumayo haidumu, ila hii, iliyotiwa adabu, ingali inalia; na kwamba aliyeinuka kugeuza santuri upande wa pili, bila kuombwa na mtu, alikuwa shemeji.