Kurasa Mia Nne na Kumi na Mbili

Jumatatu, 3 Machi
Siku kubwa. Programu mpya ya kutengenezea muziki imeingia kwenye kompyuta yangu. Imekuja na mwongozo wa kurasa mia nne na kumi na mbili. Nimeupiga chenga. Mwenye masikio kama yangu asome nini? Keshokutwa kwaya ya wauguzi inakuja kurekodi wimbo wa kumuaga matroni wao anayestaafu. Nusura waende kwa Kinanda, mwenye studio ya mtaa wa pili. Nikawaambia Kinanda husoma maelekezo hata ya kuwasha feni. Wakacheka, kazi ikabaki kwangu.

Jumatano, 5 Machi
Wauguzi kumi na wanane chumbani mwangu, watano kitandani, feni ikinguruma juu yao. Waliimba mpaka mwili ukanisisimka. Walirudia mara saba, nami nikitikisa kichwa kitaalamu. Walipoondoka nikabonyeza nisikilize. Kimya. Nikaongeza sauti. Kimya kikubwa zaidi.

Alhamisi, 6 Machi
Mbinu imepatikana. Dada yangu mdogo huuza dawa, na vile vikaratasi vya ndani ya boksi huvisoma hadi nukta ya mwisho. Nimempa mwongozo, nikamwomba aniambie kama mtu wa kawaida ataelewa. Mimi naelewa, bila shaka.

Jioni akaja akiwa ameweka alama kurasa kadhaa.

“Kaka, njia ya sauti usipoiwasha kwanza, hairekodi. Ukurasa wa tisa.”

Nikasema hilo nalijua.

“Ila programu yenyewe huweka akiba ya sauti zote za siku mbili za mwisho, mradi haijafungwa. Ukurasa wa mia mbili na tatu. Uliifunga?”

Sikuifunga. Sijui inafungwaje.

Akabonyeza mara mbili. Wauguzi wakaimba, feni ikinguruma nyuma yao. Akafungua ukurasa mwingine, akabonyeza tena, feni ikatoweka. Nilimkumbatia mpaka miwani yake ikaanguka.

Jumamosi, 8 Machi
Wimbo umepigwa ukumbini. Matroni, ambaye wauguzi wanasema hawajawahi kumwona hata akipangusa jicho, alilia waziwazi, kisha akaomba urudiwe. Moyo ulinijaa. Kinanda naye alikuwepo, akauliza ngurumo za feni ya chumbani kwangu zimeondolewaje. Nikamwambia ni masikio tu. Akauliza kwa kifaa gani. Nikakohoa. Dada akamjibu kutoka nyuma yangu, na namba ya ukurasa akataja. Kinanda akampa mkono yeye. Kwaya imeomba kurekodi nyimbo sita zaidi, na dada ndiye waliyemtaka.

Jumapili, 9 Machi
Dada amekubali tufanye kazi pamoja, kwa sharti kwamba nisome kurasa kumi kila siku. Nimeapa. Asubuhi nimekaa na mwongozo kwa adabu zote, nikafika ukurasa wa pili, ndipo wazo kubwa likanijia. Nimebandika tangazo mlangoni: mafunzo ya programu hii, mwalimu mzoefu. Tisa wameshajiandikisha, somo ni kesho saa tatu. Mmoja ameuliza kama aje na mwongozo wake. Nimemwambia aje mikono mitupu, mwalimu nipo.