Waya Uliopita Juu ya Uwanja Wetu

Jumatatu, 8 Novemba 1999

Salamu kwanza, hata kama hii ni daftari. Dada yangu Mukasine wa Goma ndiye aliniambia niandike hofu zangu humu, nisivuke mpaka wa Grande Barrière kila siku kumusumbua. Mi najua kuandika barua tu. Donc, basi: baba watoto hajambo, anakohoa kidogo. Théogène, mutoto wangu wa kwanza, hajambo. Diane, dada yake, hajambo. Nyanya Nyiramana, mama mukwe wangu, hajambo, anaomba chai. Kuku wote wazima. Mi mwenyewe siko muzima.

Diane anataka kuhama!

Kompyuta yake iko aneksi, kile chumba kidogo nyuma ya uwanja. Ya Théogène iko salon, pamoja na imprimante ya kutoa karatasi. Wanaandikia watu barua za kazi. Théogène alipitisha waya juu ya uwanja, ili kazi ya Diane ifike salon yenyewe. Leo waya umekataa. Diane akapita kwenye mvua na disketi ndani ya kitenge, amelowa kama kifaranga. Akasema ikiendelea hivi, anahamia kwa Kabatesi, jirani yetu wa zamani mwenye chumba tupu kule mjini.

Kabatesi! Mwanamuke anayeunguza maharagwe na kusema ndivyo yanavyoliwa hotelini! Mutoto wangu ale kwake? Haiwezekani. Waya nitautengeneza mimi.

Tangu asubuhi nimeanika blangeti la Nyanya chini ya paa, pale waya unapoanza. Imara kuliko kamba yangu ya zamani. Angalau kitu kimoja kimeenda vizuri.

Jumanne, 9 Novemba

Blangeti limekauka, nikaliondoa. Waya ukapona palepale! Ni maombi yangu ya usiku.

Nikafua mashuka kwa furaha, nikayaanika. Kabatesi akapita njiani, akasifu mashuka yalivyo meupe. Mara Diane akapiga kelele aneksi: waya umekufa tena! Sasa nimejua. Ni jicho la Kabatesi. Nimemwaga chumvi mulangoni. Kuku wameila.

Jumatano, 10 Novemba

Nimechunguza nyuma ya kompyuta. Yampayinka! Kila upande, mwisho wa waya, iko kofia ndogo ya chuma. Hakuna kitu kinaingia humo. Maneno yatapitaje kama njia imezibwa? Nikazitoa zote mbili kimyakimya, nikazitia mufukoni.

Ikawa kufa kabisa.

Théogène alipiga magoti asubuhi nzima. Akauliza nani ameshika bouchon zake, zile kofia. Nikasema labda panya. Akauliza ni panya gani anajua kuzungusha chuma. Nikasema panya wa siku hizi wamesoma. Nyanya akacheka mpaka chai ikamutoka puani, akasema panya huyo anatembea na mufuko unaolia.

Nikazirudisha. Théogène akaeleza kwamba bila kofia, maneno yanafika mwisho, yanarudi, yanagongana. Nikamwambia hata mi nilifikiri hivyo.

Alhamisi, 11 Novemba

Siku mbaya. Kabatesi ametuma moto, pikipiki ya kukodi, ije kuchukua kompyuta ya Diane. Diane amefungua sanduku.

Nikapata akili. Mutu hasafiri na nguo mbichi! Nikafua nguo zake zote, hata zile safi. Sketi, blauzi, sweta, koti la kanisani. Nikazianika zote juu ya waya.

Waya ukachomoka ukutani. Pwaa! Koti kwenye matope.

Diane akatoka. Akaangalia nguo. Akaangalia waya. Akaniangalia mimi. Akauliza polepole kama Jumatatu pia nilianika. Nikasema blangeti tu. Na jana mashuka? Nikasema hapana, mashuka yalikuwa juzi.

Théogène akakaa juu ya ndoo, akashika kichwa.

Diane akauliza kwa nini nimefua hata nguo safi. Nikamwambia ukweli: nyumba hii bila yeye nitaizoea vipi? Akaokota koti matopeni. Halafu akacheka, akalia kidogo, akacheka. Moto ikarudi kwa Kabatesi tupu!

Wakabeba kompyuta yake wakaiweka salon, kando ya ile ya kaka yake. Waya mufupi, chini ya meza. Anabaki!

Jumamosi, 13 Novemba

Amani. Watoto wangu wanagombana meza moja, masikio yangu yanafurahi. Nimeapa mbele ya Nyanya kwamba sitagusa waya tena. Na sijagusa.

Lakini leo wametoka, wameacha kompyuta zinafanya kazi. Nikaweka mukono nyuma ya zote mbili. Moto! Homa kali, na zinapumua kwa shida. Zikiugua, Diane atahama tena. Mama hawezi kukaa tu. Nimezifunika na vitambaa vya maji baridi, kama nilivyofanyia watoto. Nimekamua vizuri, mi si mujinga.

Sasa kuna harufu. Na moshi kidogo.

Dada Mukasine, kama huko Goma iko mutu anajua dawa ya moshi, nitumie jibu upesi, kabla hawajarudi.